Majivu kwenye Kamelia ya Mama

Aliyesema damu nzito kuliko maji hakuwa na dada kama wangu.

Mama aliacha kamelia moja chini ya dirisha la jikoni, kichaka cha majani mazito, kijani mwaka mzima, na maua mekundu yenye mchirizi mweupe. Nyumba aliniachia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemuuguza. Dada hakulalamika. Aliomba tawi la kuotesha tu, awe na kumbukumbu, nami nikamkatia kwa moyo mkunjufu.

Misimu miwili baadaye majani yakaanza kuwa manjano. Mimi na bustani wapi na wapi? Najua kumwagilia, basi. Dada ana kitalu cha maua, watu wanatoka mbali kuja kumuuliza. Nikamwendea.

"Mpe majivu, mdogo wangu," akasema. "Ana njaa huyo."

Akiniita mdogo wangu huwa nayeyuka. Nikawa nazoa majivu jikoni, namwaga kuzunguka shina. Majani yakazidi umanjano, dada akasema ongeza. Nikaongeza. Yakapukutika, akasema vumilia. Nikavumilia, mjinga mimi, hadi siku nilipokwangua shina kwa ukucha nikakuta limekauka hadi ndani.

Nikakata tawi, nikalifunga kwenye gazeti, nikaenda nalo kitaluni, huenda dada ana dawa. Nilimkuta amenipa mgongo, anamweleza mteja. Kamelia inataka udongo mchachu, anasema. Chokaa usiisogeze. Majivu ndiyo sumu yake kabisa. Mteja akaonyesha chungu kilichokuwa pembeni: mche mdogo umechanua, mwekundu, mchirizi mweupe. Akauliza bei.

"Huo hauuzwi," dada akasema. "Ni wa mama yangu. Umebaki huo tu."

Akageuka, akaniona. Nilitaka kumporomoshea matusi yote ninayoyajua, na ninayajua mengi. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli. Badala yake nikafungua gazeti juu ya meza yake.

"Alikupa nyumba," akasema, bila hata kupepesa macho. "Na ua nalo nikuachie?"

"Ungeniomba tu, dada. Ningeling'oa mwenyewe nikuletee."

Mteja, maskini, akaliinamia lile tawi kavu, akamuuliza dada limeugua nini.