Ukelele wa Kuita Mtumbwi

Neno hello nimelifundisha miaka ishirini na minane, na siku niliyolihitaji halikunifaa kitu.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ukingoni mwa Mto Tana, chini ya Idsowe. Kila mwaka niliwachekesha darasa la saba kwa asili ya neno hilo. Niliwaambia wako wataalamu wanaosema lilianza kama ukelele wa msafiri aliyekwama ukingoni, akimwita mvushaji alete chombo. Baadaye likawa la kumshtua mtu, au la kushangaa jambo. Simu ilipovumbuliwa watu wakabishana mazungumzo yaanze kwa neno gani, na hello ikashinda. Nusu ya wanafunzi wangu walivuka mto kwa mtumbwi kila asubuhi. Walicheka wakasema, kumbe Wazungu nao waliwahi kuachwa na mtumbwi.

Sasa ilikuwa saa nne asubuhi nami nimesimama kivukoni, mjukuu wangu Swaleha mgongoni, mguu umemvimba hadi gotini. Nyoka aliyekimbia mafuriko alikuwa amejikunja ndani ya kapu la mahindi, akamuuma. Majirani wote walikuwa wameshavuka kwenda kwenye kambi ya mafuriko Minjila. Mimi na ubishi wangu nilibaki kuokoa mahindi, na mtoto nikabaki naye. Simlaumu mtu. Barabara ya kwenda darajani Idsowe ilikuwa chini ya maji, na hospitali iko Garsen, ng'ambo.

Nikampigia Mwaringa, mwenye mtumbwi. Mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena. Mara ya tano nikamtukana yule dada wa kwenye simu, maskini, hana kosa. Kisha mtandao wenyewe ukapotea.

Basi nikapaza sauti. "Hellooo! Mtumbwi! Hellooo!"

Ng'ambo kulikuwa na watu, nawaona kabisa, wanapanga magunia. Waliponisikia walitupa walichoshika wakakimbilia migombani. Mama mmoja alimnyakua mtoto wake kwa mkono mmoja, kanga ikaanguka, hakugeuka kuiokota.

Kisha nikaelewa. Tangu vita vile vya wakulima na wafugaji, hapa hakuna anayepiga kelele mtoni. Mtu akitaka mtumbwi hupiga simu. Ukelele kutoka ng'ambo una maana moja tu, kwamba wavamizi wamekuja tena. Kadiri nilivyozidi kuita ndivyo nilivyozidi kuwafukuza watu ambao wangeniokoa.

"Nyanya, naona giza," Swaleha akasema, na jua linawaka.

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sauti kama mtoto, na kilio hicho nacho nadhani kiliwatisha zaidi.

Wangenijuaje? Kwa umbali ule mimi ni kelele tu. Nikajiuliza ni kitu gani ninachoweza kusema ambacho mvamizi hawezi kukisema. Nikafuta kamasi, nikasimama wima, nikaanza kuita majina kwa sauti yangu ya darasani. Nililiita darasa la saba la mwaka ule wa vita, la mwisho kuwa na watoto wa ng'ambo. Baada ya hapo hawakuvuka tena.

"Jumwa Mwaringa!"

Nikavuta pumzi, nikaendelea.

"Huka Godana!"

Mgomba mmoja ukatikisika. Kichwa kikachungulia, kikarudi ndani.

"Masha Mwaro!"

Ulimi ulikuwa umejiendea wenyewe. Masha aliuawa katika vita vile, ana miaka kumi na mitatu. Sikwenda kumzika. Sikuvuka hata kumpa mama yake pole. Kwanza niliogopa, kisha nikaona haya, kisha miaka kumi na miwili ikapita. Na sasa nilikuwa nimelitupa jina lake juu ya maji kwa sababu nina shida yangu.

Mwanamke akatoka migombani. Hakukimbia. Nilimjua kwa mwendo wake, Kanze, mama yake Masha. Akaja hadi ukingoni, akajishika kiuno.

"Masha hayupo, mwalimu!" akaita. "Nipo mimi!"

Akaufungua mtumbwi, akashika upondo. Mto ulimburuta chini, akapigana nao akarudi juu. Gogo likapita likakwangua ubavu wa mtumbwi, akayumba, akakaa sawa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti topeni nikimtingisha Swaleha asilale, huku nikiomba dua nusu nusu, maneno yananitoka ovyo.

Alipofika sikuweza kumtazama usoni.

"Mama Masha," nikaanza, "siku ile, mimi..."

Hakunisikiliza. Alimchukua Swaleha mikononi mwangu, akamlaza mtumbwini, akainama kuweka sikio kifuani pake. Akasikiliza hivyo kitambo.

"Yuko bado," akasema. "Pole yangu utanipa Garsen. Panda."