Azimio la Madungu

Honorata alikuwa na ulimi ambao mama yake, kule Biharamulo, alisema ungemkosesha mume. Mume alimpata. Ulichomkosesha ni kazi, tena si mara moja. Yeye alikuwa mtathmini wa miradi ya afya. Wafadhili wakishatoa pesa na wenye mradi wakishafanya yao, huitwa yeye aje aseme kama yaliyoahidiwa yametendeka. Wengi waliomwita walikuwa wakiomba Mungu asione vizuri.

Safari hii aliitwa Kibiti na mradi uliojiita Utafiti Mezani. Kazi ya mradi huo ilikuwa kuwashirikisha watunga sera katika tafiti za afya, ili matokeo yasije yakaozea kabatini. Meneja wake, Daktari Paschal, alikuwa mtanashati, sauti yake laini kama ya mshereheshaji wa harusi. Alimpokea kwa fulana yenye nembo ya mradi, mfuko wenye nembo, na kofia yenye nembo kubwa kuliko zote.

"Karibu sana, dada Honorata. Utaona maajabu hapa. Watunga sera wetu tumewashirikisha mpaka wenyewe wamesema basi."

"Hilo la basi ndilo ninalotaka kulisikia," Honorata akamjibu. Paschal akacheka, akidhani ni utani.

Utafiti wenyewe haukuwa mbaya. Watafiti vijana walikuwa wamekaa msimu mzima wa mpunga katika kata ya Mtapori, ndani huko kwenye delta, wakitaka kujua kwa nini malaria haiishi wakati kila kaya imegawiwa chandarua. Wakaona kitu ambacho kila mtu wa huko anakijua: mpunga ukianza kuzaa, familia nzima huhama kijijini kwenda kuwinga ndege wasiumalize, na kulala kwao ni kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti ili maji na nguruwe pori wasiwafikie. Vyandarua walivyopewa ni vya vitanda; dunguni havina pa kutundikwa. Vijana wakashauri vishonwe vyandarua vya kuenea dungu, na mhudumu wa afya awe anapita kwa mtumbwi na dawa. Basi. Hapakuwa na la ajabu.

Honorata akaanza kuzunguka kuwahoji hao walioshirikishwa. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mnene, mwenyekiti wa kamati ya wadau iliyoundwa na mradi.

"Mimi nimeshirikishwa mno," alisema. "Mimi ndiye niliyefungua warsha. Na ya pili nikaifunga."

"Na utafiti ulikuwa unahusu nini, mheshimiwa?"

Akatazama feni. Akamtazama katibu wake, naye katibu akatazama viatu vyake. "Ulihusu," alisema mwishowe, "ushirikishwaji."

Mwingine alimwonyesha cheti kilichotiwa fremu ukutani. Mwingine alimwonyesha picha kwenye simu, yeye yuko katikati, kasimama kama bwana harusi. Aliyekumbuka neno dungu hakuwapo. Honorata alirudi kwa Paschal jioni hiyo akiwa amechoka kwa hasira, ile hasira ya mtu aliyeitwa karamuni akakuta sahani zinang'aa na ndani hamna kitu.

"Daktari, watu wako wamefungua na kufunga. Katikati hawakuwapo."

Paschal hakutikisika. Aliufungua mkoba wake taratibu, kama anayetoa pete. "Nilikuwa nakuwekea tamu mwisho. Kata ya Mtapori imepitisha azimio kutokana na utafiti wetu. Sera imebadilika, dada! Miradi mingapi nchini inaweza kusema hivyo?"

Honorata akalipokea azimio, akasoma. Kuanzia msimu ule, lilisema, ilikuwa marufuku kwa mkazi yeyote wa Mtapori kulala dunguni, kwa kuwa imethibitika kitaalamu kwamba kulala dunguni kunaleta malaria. Mgambo wa kata wangehakikisha madungu yote yanaondolewa.

Akasoma tena. "Wewe ulilisoma hili?"

"Nililisoma."

"Watafiti walisema dungu litundikwe chandarua. Hawa wanabomoa dungu."

"Kiashiria chetu cha mafanikio," alisema Paschal kwa upole, "kinataka azimio lililotokana na utafiti. Hili limetokana na nini? Si utafiti?"

Kesho yake Honorata alimtafuta diwani wa Mtapori, Mheshimiwa Kondo. Alimkuta nyumbani kwake hapo Kibiti mjini, maana siku hizi kwa wapiga kura wake alikwenda kwa kujificha. Honorata alikuwa amejiandaa kumdharau. Alimkuta mtu wa makamo, mnyonge wa macho, anayekunja na kukunjua msuli wa kuogea mikononi.

"Dada yangu, usinione mjinga," Kondo alisema. "Mie nimezaliwa dunguni. Walituita pale hotelini, wakatugawa makundi, wakatuonyesha michoro ya rangi. Halafu bwana Paschal akasema kila kata itoe azimio kabla ya chakula, na wasiotoa hawatasomwa majina mbele ya wageni. Vyandarua vya kushona vinataka bajeti. Mhudumu wa mtumbwi anataka bajeti. Kukataza hakutaki kitu. Tukaandika kukataza. Tukapigiwa makofi."

"Na mgambo?"

"Nilidhani litabaki kwenye karatasi kama mengine. Mtendaji mpya wa kata, mgeni huyo, akalichukua kweli."

Honorata akainuka. Alisema tu, "Twende ukanionyeshe."

"Kule yuko mama mdogo wangu," Kondo akasema, kana kwamba hiyo ni sababu ya kutokwenda.

Walikwenda. Boti ikawapitisha kwenye mikoko, vijito vikigawanyika na kukutana tena, mpaka mikoko ikakoma na mashamba ya mpunga yakatanda. Pale palipokuwa na madungu palibaki miti iliyokatwa, imesimama majini kama meno mabovu. Mpunga mwingi ulikuwa umelala, umekanyagwa na nguruwe. Ndege walikuwa wanajilia bila mtu wa kuwasumbua.

Mwantum, huyo mama mdogo, walimkuta kwenye kibanda cha makuti kilichokaa chini kabisa kwenye tope, mlango wake wa kutambaa. Alikuwa akipepeta mpunga mchache wa kufedhehesha ungo.

"Shikamoo, mama mdogo," Kondo akasema.

Mwantum akaendelea kupepeta. Salamu ikakaa hewani mpaka ikapoa.

Honorata akajitambulisha, akaeleza kilichomleta. Hapo ndipo yule mama alipoinua uso. "Umekuja kuuliza na wewe? Waliopita waliuliza vizuri sana. Mwalala wapi, mwalala vipi, mbu waingia wapi. Tukawaambia yote, tukawapikia na pweza. Mwaka uliofuata wakaja watu na mapanga, wakaenda moja kwa moja kwenye kila dungu. Sie tukajua nani kawaelekeza."

"Si watafiti waliowatuma, mama," alisema Honorata.

"Mie nitajuaje? Nilichokiona ni kwamba nilisema, na nilichosema kikanirudia na panga." Akamgeukia Kondo sasa. "Mpunga hauwezi kuachwa, wajua. Tukalala chini hapa, tumejificha kama wezi kwenye shamba letu. Mbu wa chini na wa juu wapi na wapi? Wa chini ndio wengi. Salima mwanangu alikuwa na mimba yake. Homa ikamwangukia hapo ulipokanyaga. Mpaka tunapata mtumbwi, mpaka maji yanajaa tupite, mimba ishatoka. Mtoto wa kiume. Tumemzika, na wewe hukuja."

Kondo akaketi kwenye tope na suruali yake safi. Alifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakatikisika. Mwantum alimtazama bila huruma, lakini pia bila kumfukuza. Salima mwenyewe alitoka kibandani, akawapa maji ya kunywa, akarudi ndani. Honorata aliyanywa maji yale mpaka tone la mwisho.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kondo aliitisha kikao cha kata kule kule Mtapori. Mtendaji alipinga, akisema azimio limeshapelekwa kwa wafadhili. Kondo akamwambia kama wafadhili wanalitaka sana basi wawe wanalala chini wao. Likafutwa. Siku iliyofuata diwani alionekana na shoka, akikata miti ya kujengea madungu mapya pamoja na wajomba zake.

Honorata naye aliandika ripoti yake. Hakuipaka sukari. Aliandika kwamba watunga sera wa Utafiti Mezani hawakushirikishwa, walialikwa. Kwamba mradi ulitaka azimio lolote na ukapata lolote. Kwamba lolote hilo lilivunja madungu ya watu na kumgharimu mwanamke mmoja mtoto wake. Paschal alimpigia simu akimsihi alainishe lugha. Honorata akamwambia lugha ni laini tayari, kigumu ni kilichotokea.

Mkutano wa kufunga mradi ulifanyika hotelini Kibiti, wafadhili wamekaa mbele, chupa za maji zimepangwa kama askari. Honorata alipewa muda mfupi. Aliutumia wote kueleza habari za Mtapori, tangu michoro ya rangi hadi kaburi dogo. Mfadhili mmoja, mama mwenye mvi, alivua miwani akafuta macho. Honorata akafikiri, labda leo watasikia.

Paschal akapanda jukwaani. Aliweka mkono kifuani.

"Tumeumia sote," alisema. "Lakini tujiulize, ni nini hasa kilichotokea Mtapori? Viongozi walipokea ushahidi, wakafanya uamuzi. Wakapokea ushahidi zaidi, kupitia tathmini tuliyoigharimia sisi, wakabadilisha uamuzi. Ndugu zangu, huko ndiko kujifunza! Tuliahidi azimio moja linalotokana na utafiti." Akanyoosha vidole viwili juu. "Tunayo mawili!"

Makofi yakaanzia nyuma, yakaja mbele. Yule mama mwenye mvi alipiga pia, machozi hayajamkauka, kwa furaha ya mtu aliyeondolewa mzigo. Mwenyekiti wa kamati ya wadau alisimama kabisa, maana ilikuwa zamu yake kufunga.

Honorata alichukua mkoba wake akatoka. Kofia yenye nembo aliiacha juu ya kiti, na nyuma yake alisikia watu wakiitwa kwenye picha ya pamoja. Nje alimkuta Kondo ameegemea pikipiki. Hakuwa amealikwa, walisema siku hizi ana msimamo.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Wamesema umejifunza."

Kondo akatema mate pembeni. "Na vyandarua?"

"Vitazungumzwa awamu ya pili. Kutakuwa na warsha."

Diwani akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Akamwambia kwamba Salima ameanza kuwinga tena na mama yake, wako juu ya dungu jipya, na kwamba wamejaribu kushonea shuka kuukuu pembezoni, mbu wanapunguapungua. Halafu akaiwasha pikipiki ampeleke stendi, kwa kuwa mradi ulikuwa umesahau kumwandalia Honorata gari la kurudi.