Moshi Uliompita Babu Yako

Nikutegee kimoja, mjukuu wangu: nyumba ndogo ina milango miwili isiyo na vitasa, wageni huingia bila hodi, na mwenye nyumba huwatambua kabla hajawaona. Usihangaike kunipa mji, nakujibu mwenyewe. Ni pua.

Na pua ndiyo iliyotulisha. Babu yako alikuwa mwonjaji kwenye ghala la tajiri mmoja aliyeagiza wiski kwa mapipa na kuijaza kwenye chupa. Mimi niliosha glasi katika chumba chake cha kuonjea, kwa maji matupu, maana sabuni yenye harufu ilikuwa marufuku. Miaka yote ile sikumwona amelewa. Alinusa, akasukutua, akatema kwenye ndoo.

Alinifundisha huku nikipangusa glasi. Wiski ya visiwa vya Uskoti, shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi. Inanuka jiko lililomwagiwa maji ya chumvi. Ya mabondeni, hukohuko Uskoti, ina tufaha na asali. Ya nyanda za chini ni nyepesi, kama majani yaliyokatwa sasa hivi. Ya Marekani ni ya mahindi, na kwa kuwa pipa lake ni jipya tena limechomwa ndani, inakuja na utamu wa vanila.

"Kila moja ina kwao," alisema, "na haiwezi kukuficha ilikotoka."

Asubuhi moja, wewe hujaota hata jino, maharage yaliungua. Nilikuwa uani naanika nguo, harufu ikanifuata huko. Nikakimbilia jikoni, nikamkuta babu yako amekaa karibu kabisa na sufuria, ananyoa ndevu, anaimba.

"Mzee, tangu lini husikii harufu?"

"Mafua tu, mama watoto. Lete chai."

Hakuwa na mafua. Nikakwangua sufuria. Ningefanya nini? Pua haiazimwi.

Wiki hiyo yakaingia mapipa ambayo vibandiko vyake vilibanduka safarini. Tajiri mwenyewe akamimina glasi kutoka kila pipa. "Fundi, nipangie ipi ya wapi."

Mbili za kwanza akazipatia, kwa rangi na kwa ulimi. Ya tatu ilipomiminwa nilikuwa nimewapa mgongo, kwenye sinki, na moshi wake wa visiwani ukanifikia hapohapo. Babu yako akafumba macho kama kawaida yake.

"Mabondeni," akasema. "Asali. Tufaha."

Tajiri akacheka. "Fundi bwana! Hata mlinzi getini ameisikia hiyo. Acha utani."

Babu yako akanusa tena, akazamisha pua mpaka ikalowa.

"Mabondeni," akarudia, sauti imeshuka.

Kicheko kikamfia tajiri mdomoni. Nami nimesimama, bomba linamwaga maji, nataka kukohoa, niangushe kitu, niseme neno. Nikimnong'oneza leo, kesho je? Nikabaki kutazama ukuta.

Hakufokewa. Tajiri alimshika bega tu, akamwambia akapumzike, kisha akanyoosha mkono apewe ufunguo wa chumba.

Nyumbani alikaa kitandani na koti lake mwilini. Nikakaa ubavuni mwake.

"Siku alipozaliwa mjukuu," akasema mwishowe. "Ulimweka mikononi mwangu, ukaniambia nimnuse utosini. Nikasema ananukia maziwa."

Akajifuta pua kwa kiganja.

"Nilisema tu, mke wangu. Niliwasikia ninyi mkisema hivyo."