Mwaloni wa Shimo la Kumi na Nane

Mke wangu Attracta alipanda mti akiwa na miaka sitini na sita, mbele ya wanachama wote wa klabu, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa fainali ya gofu ya wanandoa hapa Kilcarrow. Kwa wasioyajua mateso hayo, mume na mke huchezea mpira mmoja kwa zamu. Mimi nikiharibu, yeye ndiye anayepiga kutoka pale nilipoharibu. Padri wetu huwa hachukui likizo wiki hiyo.

Wapinzani wetu walikuwa Dympna, pacha wa Attracta, na mumewe Malachy, ambaye siku hizi hasemi. Jina la Dympna limeandikwa kwa dhahabu mara tatu kwenye ubao wa mabingwa, ubao ule ule wenye majina ya vigogo waliotamba hapa tangu enzi za babu zetu. La Attracta halimo hata mara moja, na kila Krismasi, bata mzinga hajakatwa bado, Dympna humkumbusha. Attracta alilitaka jina lake ubaoni kuliko alivyowahi kunitaka mimi.

Tulifika shimo la mwisho tukiwa sare. Wao wakamaliza kwa mikwaju mitano. Mimi, mkwaju wetu wa pili, nikaupeleka mpira juu ya ule mwaloni mkongwe ulio kando ya shimo, ukakwama kwenye panda ya tawi.

"Pole, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Niinue!"

"Utapanda huko na sketi hiyo?"

"Fintan, inama!"

Akanikanyaga bega, kisha kichwa, akapotelea majanini na fimbo yake ya gofu. Tukasikia fimbo ikigonga gome, halafu tusi ambalo sikujua kama analijua, na mpira ukadondoka, ukabingirika hadi hatua moja tu kutoka shimoni. Nilitaka kulia kwa furaha. Sasa zamu yangu, mkwaju wa nne, mmoja pungufu ya wao. Nikiuingiza, tumeshinda.

Nikausukuma. Ukaenda, ukasita, ukasimama ukingoni, nusu yake ikining'inia.

"Umefanya nini, wewe mwanamume?" sauti ikauliza kutoka mtini, na papo hapo tawi likakatika.

Attracta akatua kwa makalio. Puu! Mpira ukatumbukia.

"Hauhesabiki!" Dympna akapiga kelele. "Ametikisa ardhi! Uzito wote ule!"

"Uzito upi, we Dympna? Sketi hii ni yako, na inanipwaya."

Kapteni wa klabu, mzee Tuohy, aliyekuwa hakimu kabla ya kustaafu, akakuna kidevu.

"Hili linapimika," akasema. "Nyinyi ni mapacha. Tutaurudisha mpira ukingoni, kisha Dympna naye apande, aruke. Ukitumbukia, basi kweli ni uzito, na mkwaju wao naufuta."

Dympna akautazama mwaloni. Akayatazama madirisha ya klabu, yamejaa nyuso, hadi za wapishi. Akavuta tumbo ndani.

"Ulikuwa upepo," akasema. "Uhesabiwe."

Hakuna jani lililotikisika.

"Upepo mkali kweli, dada," Attracta akamjibu, bado amekaa chini, machozi ya furaha yakimtoka. Kisha akaninyooshea mkono. "Fintan, mpenzi, niinue."