Mwami Ngulo Atoka Kitabuni

Alhamisi saa nne asubuhi, katika shule moja ya sekondari huko Mulekera, Madame Élise alikuwa anawafundisha wanafunzi wa mwaka wa sita neno la Kifaransa *avare*. Aliliandika ubaoni, akaeleza kuwa ni mtu mchoyo, akaomba mfano kutoka kwenye riwaya. Riwaya ilikuwa moja tu kwa darasa zima, haina jalada, na siku hiyo alikuwa nayo Sikitu.

"Mwami Ngulo njo avare," Sikitu akasema. "Page quarante. Anakula kuku peke yake, na mifupa anafungia mu sanduku."

Mwami, yaani mtemi wa riwaya hiyo, akatoka kwenye ukurasa wa arobaini, akakung'uta vumbi kwenye kofia yake ya ngozi ya chui, akaketi benchi la tatu kati ya Kamate na Jokébed, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Alinuka karatasi iliyonyeshewa. Madame Élise alimwomba avue kofia, kisha akaendelea na somo.

"Madame, miye hapana avare," Mwami akasema. "Ile mifupa nilikuwa nawekea imbwa."

"Hauna imbwa," Jokébed akamjibu. "Mu kitabu yote hakuna imbwa."

Madame Élise alikuwa na utaratibu wake: sifa moja, ushahidi mmoja, bila ushahidi ni matusi. Basi wakamchambua Mwami asubuhi nzima, sifa baada ya sifa, yeye mwenyewe akibisha na wao wakimfungulia ukurasa. Mwishowe aliomba kalamu, akanakili kasoro zake kwa mwandiko mzuri. Walipofika kwenye neno *exploiteur*, mtu anayewalimisha wenzake bure, alilia, na Kamate akamwazima kitambaa.

Saa sita mlango ulifunguliwa na Monsieur Cyrille, prefe, yaani mkuu wa shule.

"Majembe!"

Kwenye ratiba, hiyo iliitwa kazi ya mikono. Mikono ilikuwa ya wanafunzi, maharagwe yalikuwa ya prefe. Sikitu hakuwa na muda wa maharagwe ya mtu. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia, na baba yake, mzee Ramazani mwenye lori, alikwisha kata shauri: akishindwa, anakwenda Kirumba kukaa dukani kwa shangazi yake, na hapo masomo basi.

"Monsieur le Préfet, tubakie kidogo tumalize chapitre ya kitabu," akaomba.

"Chapitre haiwezi kimbia," prefe akasema.

Mwami Ngulo alimtazama prefe juu mpaka chini. "Na huyu, Madame, tunamuchambua siku gani?"

"Huyu hayuko mu kitabu," Madame Élise akanong'ona.

Mwami akachukua jembe, akaenda na wenzake. Alilima vibaya, lakini alilima mpaka mwisho. Kitabuni hakurudi tena. Siku hizi anaendesha moto, yaani pikipiki, hapo hapo Mulekera, anawabeba mama wa sokoni na mizigo yao bila maneno, na wateja wanamsifu, ila tu anapenda aitwe Mwami.

Hasara ikabaki darasani. Kila mahali alipokuwa Mwami, kitabu kilikuwa na nafasi nyeupe. "... aliketi kivulini, watu wakilima." Nani aliketi? Mtihani utauliza, na mtu mwenyewe yuko barabarani anabeba ndizi. Sikitu alihangaika kweli. Mwisho akajaribu kusoma kwa sauti akitia "Monsieur Cyrille" penye kila nafasi. Sentensi zote zilimpokea bila shida. Hata kuku alikaa sawa. Wiki ile hakuna aliyekosa maana ya neno hata moja, na darasa lilicheka mpaka machozi.

Prefe alikuwa amesimama dirishani.

Aliingia, akaomba kitabu. Zile nafasi zilikuwa zimekwisha jaa jina lake, tena kwa chapa nzuri. Alisoma akiwa amesimama, kisha akiwa ameketi. Madame Élise alianza kukusanya vitu vyake, akiwaza jinsi Kindu kwao kulivyo mbali.

"Kumbe niko mu hii roman?" prefe akauliza.

"Ndiyo, Monsieur le Préfet," Sikitu akajibu.

"Na njo miye personnage principal?"

"Njo weye mhusika mkuu, Monsieur le Préfet. Uko karibu page zote."

Prefe alifurahi mno. Alimpigia simu mkewe pale pale. Kisha akaamuru riwaya isomwe kila siku, si Alhamisi tu, na kwa kuwa somo na shamba vyote vilimhusu yeye, vifanyike pamoja, shambani, kuanzia saa sita.

Sasa mmoja anasoma, wengine wanalima, na prefe anasikiliza chini ya mwavuli. Jana ilikuwa zamu ya Sikitu. Alipofika kwenye *paresseux*, mvivu, prefe alimsahihisha matamshi, akamwambia arudie kwa nguvu ili walio mbali nao wasikie. Sikitu akarudia. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki mbili. Akampa Jokébed kitabu, akapokea jembe.