Mchujo wa Asubuhi

Sponji wa baharini hukatwakatwa, husagwa kwa mashine, kisha huchujwa kwa kitambaa cheupe cha pamba. Kuchuja ilikuwa kazi ya Mama Pumzi, maana mikono yake haikuwa na pupa. Uji wa rangi ya kutu ulidondokea kwenye beseni la maji ya chumvi, na ndani ya uji ule wataalamu walipata dawa ya vidonda, vile vidonda sugu vinavyozicheka dawa nyingine zote. Sponji ni mnyama asiye na meno wala miguu ya kukimbilia. Hukaa mwambani akiwapikia vijidudu sumu. Tena kumuua si rahisi. Mchuje leo, chembe zake zitatafutana majini, zishikane, na kesho utamkuta sponji tena.

Kwa hiyo asubuhi alipokuta chembe zimeshikana zikawa sikio, Mama Pumzi hakupiga kelele. Aliligeuza akatazama nyuma. Kovu la kukatwa na bati utotoni lilikuwa palepale.

"Ni la mwanangu," alimwambia mwosha chupa, mwenzake wa siku nyingi.

Mwosha chupa alijifuta mikono kwenye aproni, akainama. "La kwake kabisa, shoga. Lile la kutosikia akitumwa dukani."

Wakacheka kidogo.

Mwanawe alikuwa mpiga mbizi wa kampuni. Alishuka na mpira wa hewa mdomoni, uliotoka kwenye mashine iliyokuwa juu, kwenda kukata sponji, hakupanda tena. Kampuni ikatangaza kwamba ametoroka na vifaa. Mtu aliyetoroka hana msiba. Mama yake hapewi pole. Anatazamwa chini kwa chini, na watu wanashika vizuri mikoba yao akipita.

Meneja aliitwa. Alilipima sikio kwa rula, akaagiza lijaribiwe. Dawa ilikuwemo, kali kuliko ya sponji wa kawaida.

"Endelea kuchuja, mama."

"Bosi, naomba nikamzike."

"Ukamzike nani? Hili ni sikio. Na limeota kwenye beseni la kampuni."

Akachuja. Kesho yake ukatokea mkono wenye kucha zilizoliwa. Akauchuja nao. Baadaye likaja bega, shingo, kidevu, na hatimaye kichwa kizima, kimelowa, mdomo umeshakamilika.

"Mama," kikasema, "walizima mashine ya hewa."

"Nani, baba?"

"Meneja. Ilikuwa inampigia kelele. Alikuwa anaongea na simu."

Meneja alikuwa amesimama hapohapo na glavu zake. Hakukana. Akane ili iweje, na nani wa kumuuliza?

"Ile simu ilikuwa ya maana sana," alisema. Kisha akamgeukia mtaalamu. "Kichwa kizima kinaweza kutoa chupa ngapi?"

Mchana huo Mama Pumzi alimtia mwanawe kwenye ndoo ya maji ya chumvi, akaifunika kwa shuka, akatembea hadi getini bila haraka. Mlinzi akafunua.

"Ah, Pumzi! Umepotea, ndugu yangu."

"Nipo, kaka. Niruhusu nitoke nikazikwe."

Mlinzi alikuna kichwa. Walikuwa wamecheza mpira pamoja. "Mimi ningekuruhusu hata sasa hivi. Lakini huna kibali cha kutoka."

"Kaka, mimi si mzigo."

"Najua. Ungekuwa mzigo ungekuwa na kibali."

Mlinzi aliibeba ndoo yeye mwenyewe kuirudisha, kwa uangalifu mkubwa, asije akamwaga hata tone.

Meneja, ambaye hapendi kuonekana katili, alitaka kumhamishia mama kwenye chumba cha kufungasha. Mama akakataa.

"Mwingine atamkamua kama dekio," alisema. "Niachieni mwenyewe."

Dawa inaendelea kusafirishwa kwenye masanduku ya barafu, na wanaoitumia wanapona vizuri. Pumzi siku hizi anatokea kila asubuhi hadi kiunoni. Wafanyakazi wanamsalimia wakipita. Naye husema yaleyale, nani aliyezima mashine na kwa nini, kwa sauti inayofika mpaka ofisini, ambako meneja anakunywa chai na mlango hajaufunga.

Mama yake humwacha amalize. Humpangusa maji usoni, hutandaza kitambaa, kisha humwambia afumbe macho.