Kompyuta Iliyokufa Kila Saa Nne

Mwaka 1984 Mradi wa Visima pale Mandewa uliletewa kompyuta, na kwa miezi miwili kompyuta hiyo ilikufa kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, kana kwamba imeajiriwa kufa.

Aliyeihudumia alikuwa Febronia, mpiga chapa, binti wa Kinyaturu kutoka Ikungi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mtaalamu wa kigeni aliyeileta mashine alimfundisha wiki tatu, akashikwa na malaria, akarudi kwao. Alimwachia kitabu kinene cha Kiingereza na neno pekee la Kiswahili alilolijua vizuri: "Polepole."

Kazi yenyewe ilikuwa orodha ya visima vya mkoa mzima: kijiji gani, pampu gani, kipuri gani kimevunjika. Bila orodha, vipuri havitoki bohari. Febronia alikuwa ameandika visima vya Iguguno mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja kioo kilisinyaa, kikametameta, kikawa cheusi, na Iguguno yote ikapotea.

"Hii ni hujuma," alisema Ndugu Selemani, katibu wa tawi la Chama pale kazini. Siku zile nchi nzima ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi, na Selemani alikuwa anaona aibu kwamba tawi lake halijapata hata mmoja.

Akampata. Mzee Naftali, fundi wa jenereta, ndiye mwenye umeme; basi ndiye mhujumu. Mkurugenzi, Ndugu Melkizedeki, akaitisha mkutano wa kumjadili siku ya Alhamisi asubuhi, kwa sababu Ijumaa alikuwa anakuja mgeni kutoka Dodoma kuiona kompyuta ikifanya kazi.

Habari hizo zilimchoma Febronia. Akaenda bandani kwa mzee, akamkuta anafuta jenereta kwa kitambaa kama mtu anayemfuta mtoto makamasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kuuliza. Jenereta linazimika?"

"Halijazimika hata mara moja tangu Pasaka. Kwanza nilizimishe ili iweje? Kisima cha kwa mama yangu kule Iguguno nacho kimo kwenye hiyo orodha yenu."

Febronia akarudi kwenye kitabu, kamusi pembeni. Alipofika ukurasa wa mia moja na kitu aligundua kwamba kompyuta huzimia kwa mambo yale yale yanayoweza kumzimisha mtu: joto, vumbi, diski chafu, na umeme unaoyumba.

Akaanza na joto. Juu ya mashine kulikuwa na kitambaa cha waridi kilichofumwa na Mama Marietha, mke wa Mkurugenzi, kikiwa kimeziba matundu yote ya kupumulia. Akakitoa, akasema kimekwenda kufuliwa. Kisha vumbi. Aliazima bisibisi kwa Naftali, akafungua kifuniko, akakuta vumbi la kutosha kupandia mtama, na mjusi mmoja aliyekauka vizuri kabisa. Akasafisha taratibu kwa unyoya wa kuku. Zile diski akaziondoa chini ya kikombe cha chai, alikokuwa akizikalisha yeye mwenyewe. Hilo hakumwambia mtu.

Jumatano mashine iliamka ikiwa safi na baridi, ikafanya kazi vizuri mno, na saa nne ikafa.

Febronia alitaka kulia. Lakini Naftali alikuja mbio kutoka bandani, mikono imejaa oili.

"Nimelisikia! Linaguna! Kama limetwishwa gunia ghafla. Kuna mtu humu ndani anawasha kitu kizito."

Wakatazamana. Ofisi nzima ilijua kwamba saa nne ni saa ya Mkurugenzi kujifungia chumbani na kusoma majalada ya siri. Hakuna aliyethubutu kugonga.

"Tunyamaze," alisema Naftali. "Mimi wanifukuze, nina shamba. Wewe bado kijana."

Febronia hakulala vizuri.

Alhamisi wafanyakazi walikusanyika saa tatu na nusu. Selemani alizungumza juu ya adui wa ndani hadi wengine wakaanza kusinzia. Naftali alikaa, kofia magotini. Saa nne ikapita. Saa nne na robo. Febronia, aliyekaa karibu na mlango, alichungulia chumbani kwake, akaona kioo kinang'aa kijani. Akasimama, akamgeukia Mkurugenzi, aliyeongoza mkutano.

"Ndugu Mwenyekiti, samahani. Leo mashine haijafa."

"Kwa sababu mhujumu yuko hapa, tunamwona!" alisema Selemani.

"Wote tuko hapa, ndugu katibu. Na wewe pia."

Kicheko kikapita. Selemani akahisi tawi lake linamponyoka.

"Basi ukaguzi!" alisema. "Kila chumba, kila kifaa kiwashwe!"

"Si lazima kila chumba," alisema Mkurugenzi.

Lakini Selemani alikuwa ameshanogewa. Febronia akatumwa kukaa mbele ya kompyuta. Wakawasha feni, mashine ikaendelea. Wakawasha redio ya masijala, ikaendelea. Wakafika kwenye chumba cha Mkurugenzi, na Selemani, ambaye hakuwahi kumpenda sana Mkurugenzi huyo, akausukuma mlango.

Juu ya meza kulikuwa na pasi ya umeme. Chini yake, kama godoro, jalada nene lililoandikwa SIRI, likiwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Mkurugenzi alikuwa na suti moja tu ya maana, kwani nguo zilikuwa adimu madukani, na nyumbani kwake hakukuwa na umeme.

Selemani akachomeka pasi. Jenereta likaguna kule bandani.

"Imekufa!" alipiga kelele Febronia kutoka chumbani kwake.

Selemani akachomoa. Febronia akaiwasha upya. Akachomeka.

"Imekufa tena!"

Selemani alirudia mara nne, kwa furaha ya mtu aliyeona elimu ikimwingia, mpaka Naftali akamwomba alihurumie jenereta.

Muhtasari wa mkutano uliandika kwamba chanzo ni "kifaa kizito cha matumizi mchanganyiko," na kwamba kisiwashwe tena. Mkurugenzi alinunua pasi ya mkaa wiki iliyofuata. Naftali, kwa upande wake, akasema hatawasha jenereta kesho mpaka aliyeitisha mkutano wa kumjadili aje bandani amwambie pole.

Ijumaa saa moja asubuhi Mkurugenzi alitembea peke yake hadi bandani, suruali imejikunja kama karatasi ya maandazi. Febronia aliona kila kitu dirishani.

"Shikamoo, mzee Naftali," alisema. Hakuwahi kumwamkia tangu aje pale. "Pole sana. Nilikukosea."

Naftali alifuta mikono kwa kitambaa chake. Kisha akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akashika mkono wa jenereta, akauzungusha.

Febronia aliandika Iguguno kwa mara ya kumi na mbili, akihifadhi kila baada ya mistari mitano. Mgeni alipofika, karatasi ilikuwa inatoka kwenye mashine ya kuchapia, ndefu, kijiji baada ya kijiji. Aliitazama kwa mshangao, akauliza kama inaweza kutoa na chai.

Wiki mbili baadaye lori la vipuri liliondoka kwenda Iguguno. Naftali aliomba ruhusa ya siku tatu, akapanda nyuma, akakaa juu ya mabomba.